Majivu yamefika nyumbani, sasa tufanye nini? Namna ya kumjengea mpendwa wetu kumbukumbu yenye maana



Leo tuongelee jambo lenye familia mingi zinaliongelea kwa sauti ya chini, hata kwenye kilio: mtu wetu amefia mbali, wamemchoma, na kitu chenye kimerudi nyumbani ni kisanduku cha kilo mbili ao tatu. Ujumbe unaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya familia: "Yaya amefariki Bruxelles, Ijumaa watamuchoma." Grupu inanyamaza. Kisha simu zinaanza kulia. Baba mukubwa anauliza: "Watamuchoma kama takataka?" Shangazi analia mara mbili, mara ya kwanza juu ya kifo, mara ya pili juu ya moto. Na mjane kule Ulaya, mwenye hajalala siku tano, anaanza kushitakiwa na bakwe: "Ni wewe njo ulikubali."

Saa ile, mwenye kuitwa ni wewe. Ulisoma, una diploma, kwa hiyo wewe njo utasoma barua ya Kifaransa yenye imetoka kwa kampuni ya mazishi, wewe njo utaeleza wakubwa kwa Kiswahili ao kwa lugha ya kijiji, na wewe njo utaulizwa: "Sasa tufanye nini na hii kitu?" Hakuna kitivo chenye kinafundisha jibu. Tujaribu kulitengeneza pamoja, polepole, kusudi siku hiyo ikifika usikose neno.

1. Kuchoma ni kufanya nini haswa?

Woga mwingi unatoka kwa kutojua. Watu wengi kwetu wakisikia "kuchoma", wanawaza moto wa wazi, ao wanakumbuka mambo mabaya yenye tumeona barabarani. Nyumba ya kuchomea maiti ni kitu kingine kabisa. Mwili unaingia ndani ya tanuru lenye limefungwa, mara mingi ukiwa ndani ya sanduku lake, mtu mmoja kwa mara moja. Joto linapanda kati ya digrii 800 na 1,000 hivi. Kazi inachukua saa moja na nusu mpaka saa tatu, kufuatana na mwili na tanuru. Mbele ya kuanza, wanatoa mashine ndogo ya moyo kama marehemu alikuwa nayo, sababu betri yake inaweza kupasuka ndani ya moto. Katika nchi mingi za Ulaya wanatia pia kipande cha udongo mgumu chenye namba, chenye hakiungui, kusudi majivu ya huyu yasichanganyike na ya mwingine.

Kitu chenye kinabaki siyo majivu kama yale ya makala jikoni. Nyama na maji vyote vinaondoka. Kinachobaki ni mifupa, mikavu na myepesi. Wanaisaga mpaka inakuwa unga mweupe wenye chembechembe. Kwa mtu mzima ni karibu kilo mbili mpaka tatu. Kwa hiyo mtu akikuuliza, unaweza kujibu bila kudanganya: ndani ya chombo kuna mifupa ya ndugu yetu. Kwa wakubwa wetu wengi neno hilo linabadilisha mambo, juu mifupa wanaijua. Tangu zamani familia zetu zinajua kuhamisha mifupa na kuizika upya. Simon Kimbangu alifia gerezani Lubumbashi mwaka 1951, akazikwa kule, na mwaka 1960 waamini wake wakarudisha mabaki yake Nkamba. Mpaka leo watu wanaenda kule kuheshimu.

2. Kwa nini jambo hili linafika kwetu sasa?

Zamani mtu alifia Uvira akazikwa Uvira. Leo mtoto wa Uvira anafia Ohio, wa Bukavu anafia Liège, wa Lubumbashi anafia Johannesburg. Kurudisha mwili mzima kwa ndege ni mzigo mkubwa: dawa za kuhifadhi, sanduku lenye zinki ndani, makaratasi ya nchi mbili, na pesa ya ndege kufuatana na kilo. Kuzika kulekule Ulaya nako kuna gharama, na fasi ya kaburi mara mingi wanaikodi kwa miaka tu. Muda ukiisha bila kulipa tena, kaburi linachukuliwa. Familia ikipiga hesabu, kuchoma kunakuwa mlango wenye uko wazi.

Lakini siyo kila mara ni pesa. Kuna wenye waliomba wenyewe. Ufaransa, kwa mfano, sheria ya tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 1887 inampa kila mtu mzima haki ya kuchagua mazishi yake, na matakwa yake yanapita ya familia. Kwa hiyo mbele ya kumshitaki mjane, tuulize kwanza: marehemu aliacha neno gani? Inawezekana kabisa kwamba yule mama alitii tu, tena kwa machozi.

3. "Na mutu wetu iko wapi?"

Hili njo swali gumu kuliko yote, na wakubwa wataliuliza hivihivi: "Muko natuletea unga mu kisanduku, na mutu wetu iko wapi?" Usilijibu kwa haraka, na usilijibu kwa kuonyesha kwamba ulisoma kuwapita. Jibu kwa mifano yenye wanaijua.

Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, kule Katanga, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili yao iliharibiwa na asidi kusudi wasiwe na kaburi. Ya Lumumba lilibaki jino, lenye polisi mmoja Mbelgiji alilichukua na kulificha. Mwaka 2020 binti yake Juliana alimwandikia mfalme wa Ubelgiji kuomba mabaki ya baba yake. Tarehe 20 mwezi wa sita 2022 familia ilikabidhiwa lile jino Bruxelles. Liliwekwa ndani ya sanduku la mtu mzima, likasafiri mpaka Lumumbaville kule Sankuru, likapita Kisangani, likafika Shilatembo, fasi yenye aliuawa, kisha Kinshasa. Tarehe 30 mwezi wa sita likalazwa ndani ya kaburi la heshima pale Limete. Wazee walisimama barabarani, wanawake walilia. Walijua kwamba ndani ya sanduku kuna jino tu, na bado walisema: "Lumumba amerudi." Kama taifa zima liliweza kuzika jino kwa heshima ya mtu mzima, familia moja inaweza kuzika kilo tatu za mifupa.

Majirani zetu nao wana hekima yao. Upande wa Kenya, Waluo wakikosa mwili wa mtu wao, wanazika tunda la mti wa yago kwa fasi yake. Waluhya wengi wanazika shina la mgomba. Hakuna mwenye anadanganyika kwamba mgomba ni mtu. Lakini kilio kinahitaji kitu cha kushika, fasi ya kusimama, na siku ya kusema "tumemaliza". Hiyo njo kazi ya mazishi.

Na watu wa Beni na Butembo wanajua kwa uchungu kwamba desturi inaweza kubadilika bila kufa. Wakati wa Ebola, kuanzia mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, watu 2,287 walipoteza maisha. Mwanzoni maziko ya timu zenye nguo nyeupe yalileta hasira kubwa: familia haikuosha, haikugusa, haikuaga. Hasira ilipungua fasi kwenye familia ilianza kupewa nafasi: kuona kwa macho, kuchagua nguo na sanduku, kuomba, kusema neno. Somo ni hili: chenye kinaumiza watu zaidi ni kuwekwa pembeni. Wape fasi, hata namna mpya wataibeba.

4. Dini zetu zinasema nini?

Uliza mapema, usingoje chombo kifike.

Kwa Wakatoliki, Roma ilikataza kuchoma kwa muda mrefu, lakini tangu 1963 Kanisa linaruhusu, kama mtu hakufanya hivyo kwa kupinga imani. Bado linapendelea kuzika. Mwaka 2016 Roma ilitoa maelekezo: majivu yalazwe fasi takatifu, kama makaburi ao kanisa, yasimwagwe hewani wala majini, yasigawanywe kwa watu wa familia, yasigeuzwe kuwa mapambo ya shingoni. Mwezi wa 12 mwaka 2023 ikaongeza neno: wakubwa wa Kanisa wenye mamlaka wanaweza kuruhusu sehemu ndogo tu ihifadhiwe fasi yenye ilikuwa na maana kwa marehemu, kama hakuna mchezo wa kupinga imani ndani yake. Kwa hiyo familia ya Kikatoliki yenye inataka kumwaga majivu ziwani, ijue kwamba paroko atakataa, na asionekane mtu mbaya.

Kwa Waprotestanti, kila kanisa lina desturi yake. Mwendee mchungaji, umuulize waziwazi: utakuja kuomba? Utaruhusu chombo kiingie kanisani? Kule Afrika Kusini, Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Anglikana alikufa mwisho wa 2021. Yeye aliomba mwili wake uyeyushwe kwa maji badala ya moto, na tarehe 2 mwezi wa kwanza 2022 mabaki yake yakalazwa ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu George, Cape Town. Sanduku lake lilikuwa la bei ndogo, kama alivyoomba.

Kwa Waislamu, wa Kasongo, Kindu ao popote, kuchoma hakuruhusiwi. Kama uko Mwislamu na unaishi ugenini, andika matakwa yako mapema na uyaache kwa mtu wa msikiti wako, kusudi usiamuliwe na mtu mwenye hakujui.

Na kwa Wahindu, wenye tunaishi nao katika miji yetu, moto na maji njo njia yenyewe. Sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa mwaka 1948 pale Jinja, Uganda, kwenye Mto Nile unatoka ndani ya ziwa. Pale kuna sanamu yake mpaka leo. Moto wao ni sala. Tuache kuita "unyama" kitu chenye kwa jirani ni ibada.

5. Safari ya majivu

Hapa njo kazi yako ya kusoma makaratasi inaanza. Kwa kawaida watakuomba karatasi ya kifo, karatasi ya nyumba ya kuchomea yenye inasema hii ni mabaki ya nani, na ruhusa ya kusafirisha kutoka kwa serikali ya kule ao ubalozi wetu. Fanya kopi tatu za kila moja. Andikia kampuni ya ndege mbele ya kununua tiketi: kuna zenye zinakubali chombo mkononi ndani ya ndege, kuna zenye zinataka kiende na mizigo. Omba jibu kwa maandishi.

Chombo kiwe cha mbao ao karatasi ngumu. Chombo cha chuma kinaweza kukataliwa kwenye mashine ya usalama, juu haioni ndani, na hakuna polisi mwenye ataruhusiwa ao mwenye atataka kukifungua mbele ya watu. Chenye kupendeza mutakitafuta nyumbani.

Sheria za kule pia zinahusu. Ufaransa, tangu sheria ya mwezi wa 12 mwaka 2008, majivu yana heshima sawa na mwili: hayawezi kugawanywa wala kukaa nyumbani kwenye kabati. Yanazikwa, yanawekwa fasi ya makaburi, ao yanamwagwa porini kwa kutangaza kwa komini kwenye marehemu alizaliwa. Ubelgiji, familia inaweza kupata ruhusa ya kuyachukua nyumbani. Kwa hiyo usiseme "Ulaya iko hivi". Uliza nchi, uliza mji.

Na hapa nyumbani, nendeni kwa ofisi ya komini ao ya chefu mbele ya kuchimba. Mzike kwa ruhusa kama munavyozika mwili. Karatasi hiyo itawalinda siku mtu atasema mulileta uchawi ndani ya kisanduku.

6. Kikao kwanza, chombo baadaye

Matatizo mingi hayatoki kwa majivu, yanatoka kwa kukosa kikao. Mbele chombo kipande ndege, familia ikae, wa hapa uso kwa uso na wa ugenini kwa simu. Kuwe na mkubwa mmoja wa kuongoza na mtu mmoja wa kuandika. Maswali ni matano tu:

Marehemu alitaka nini? Nani atapokea chombo uwanja wa ndege, na kitalala wapi usiku wa kwanza? Tutafanya kilio cha siku ngapi? Majivu yatalazwa wapi? Na nini itafuata mwaka mmoja baadaye?

Mjane ao mjane mwanaume apewe neno la kwanza, siyo la mwisho. Watoto wa marehemu waulizwe, hata wenye hawajui Kiswahili vizuri, mtu atafsiri. Kisha yule mwandishi asome maamuzi kwa sauti na kuyatuma kwenye grupu. Karatasi moja ya maamuzi kumi inaokoa miaka kumi ya ugomvi.

Siku ya kupokea, kipokeeni kama munavyopokea mtu. Kibebwe kwa mikono miwili na mtu wa damu. Kiwekwe juu ya meza yenye kitenge ao kitambaa cheupe, pamoja na picha kubwa. Watu walale pale, waimbe, waombe. Kama wakubwa wanataka sanduku la urefu wa mtu, tafuteni sanduku. Kumbuka lile jino. Kama wanatosheka na kisanduku kidogo, vizuri, pesa itabaki kwa kazi nyingine.

7. Kumbukumbu yenyewe: njia tano

Sasa tufike kwenye mti wa mambo. Kumbukumbu yenye maana ni ile yenye inafanana na marehemu na yenye walio hai wanaweza kuitunza. Zile zingine ni za picha ya siku moja.

Kaburi dogo. Njo njia rahisi kueleweka. Shimo halihitaji kuwa la mita mbili. Nusu mita ya upana na kina cha mita moja kinatosha. Munaweza kulilaza ndani ya kaburi la baba ao mama yake, kama fasi ya makaburi inaruhusu. Tieni siminti, jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na fasi kwenye alifia. Msiache hiyo ya mwisho: mjukuu mwenye atasoma "Bukavu – Liège" atauliza, na historia itaanza kuongea.

Mti. Wengi wanapenda wazo hili, lakini lina mtego. Majivu ya mtu yana chumvi mingi na yanauma kama chokaa. Ukiyamwaga yote kwenye mzizi wa mti mchanga, utakauka, na huo msiba wa pili hamuutaki. Changanya kiasi kidogo na udongo mwingi na mbolea, ao zika majivu pembeni na panda mti hatua mbili tatu mbali. Uliza wakubwa mbele ya kupanda mti wa matunda, juu kuna wenye hawatakula avoka yenye imetoka pale, na watoto watakatazwa. Mti wa kivuli ni salama zaidi. Na angalia kiwanja ni cha nani. Kwetu viwanja vinauzwa, vinagombaniwa, vinaporomoka na mvua. Shule, parokia ao konsesio ya familia yenye ina karatasi ni bora kuliko nyuma ya nyumba ya kukodi.

Mama Wangari Maathai wa Kenya, mwenye alipata Nobel ya amani mwaka 2004 na tangu 2005 alikuwa balozi wa msitu wetu wa Bonde la Kongo, alifariki mwezi wa tisa 2011. Alikuwa amekataa kukatiwa mti juu ya sanduku. Sanduku lake lilifumwa kwa mianzi, mafunjo na magugu ya maji, na mwili wake ukachomwa Nairobi. Majivu yake yalilazwa kwenye taasisi ya chuo kikuu yenye inabeba jina lake, fasi kwenye vijana wanasoma mambo ya amani na mazingira. Unaona ginsi mazishi yalifanana na maisha: mtu alipanda miti maisha yake yote, hata kifo chake hakikukata mmoja.

Maji. Kwa mtu mwenye alizaliwa kando ya Kivu ao Tanganyika, ziwa lina maana. Kama dini yenu na wakubwa wanakubali, tokeni na mtumbwi mpaka mbali na fasi kwenye watu wanachota na kuvua. Simameni upepo ukiwa mgongoni, mwagieni karibu na maji, polepole. Msitupe plastiki wala chombo cha chuma. Lakini mujue: ziwa halina jiwe la kuandika jina. Mwenye kutaka fasi ya kupeleka maua atabaki bila. Kwa hiyo wekeni pia kibao pwani, ao kwenye ukuta wa kanisa.

Maandishi na sauti. Hapa wahitimu tuna kazi yenye wengine hawawezi kuifanya. Simu ya marehemu, simu za rafiki zake, zimejaa sauti za WhatsApp: anacheka, anakaripia, anaimba. Simu ikiibiwa, vyote vinaenda. Ndani ya mwezi wa kwanza, kusanya zile sauti, ziweke fasi mbili tofauti, kompyuta moja na kadi moja ya kumbukumbu. Chukua picha za zamani na uandike nyuma majina ya watu wote, kushoto kwenda kulia, mbele shangazi mwenye anawajua naye hajaondoka. Kisha andika kitabu kidogo cha kurasa 20: alizaliwa wapi, alisoma wapi, nani alimlipia masomo, aliondoka mwaka gani na kwa njia gani, alifanya kazi gani kule, alipenda kula nini, alikuwa mkali juu ya nini. Uliza watu kumi. Andika kweli, hata zenye siyo tamu sana, kwa heshima. Mtu mwenye amesifiwa bila kosa hata moja hakumbukwi, juu hafanani na mtu. Peleka kopi kwa kijiji, kwa shule yake ya zamani, na kwa watoto wake ugenini. Kwao kile kitabu njo barabara ya kurudi.

Kazi yenye jina lake. Kama marehemu alikuwa anatuma minervale ya watoto wa wengine, na wengi wetu tulisomeshwa hivyo na mtu wa mbali, basi kifo chake kinafunga mlango kwa mtoto fulani mwenye jina. Mtafuteni yule mtoto kwanza. Tupige hesabu ya mfano: watu 20 wa familia na rafiki, kila mmoja dola 5 kwa mwezi, ni dola 100 kwa mwezi, 1,200 kwa mwaka. Pesa hiyo inaweza kusukuma wanafunzi wachache mpaka Exetat, ao kutengeneza madawati ya darasa moja, ao kukarabati chemchemi ya mtaa. Ahidini mwaka mmoja, mumalize, mutoe hesabu kwenye grupu, kisha muongeze mwaka wa pili. Kuahidi "fondasyo" ya miaka kumi kwenye kilio, watu wakiwa na machozi, ni njia ya haraka ya kugeuza jina la marehemu kuwa jina la deni.

8. Mambo matatu ya kuepuka

Kwanza, usiwaache watu wafungue chombo ovyo kwa kutaka kuhakikisha. Kama kuna shaka, kikao kichague wawili, wasome namba na makaratasi, na jambo liishe hapo.

Pili, usiruhusu kilio kigeuke mahakama ya mjane. Moto hauondoi haki yake, wala ya watoto, juu ya vitu vya marehemu. Kuna familia zenye zinatumia hasira ya majivu kuchukua nyumba. Wewe mwenye ulisoma haki, ama mwenye una rafiki aliyesoma haki, ongea saa hiyo. Ukinyamaza kule, diploma yako ya nini?

Tatu, usichape picha za chombo kwenye mitandao mbele ya wazazi wa marehemu kujua. Mama asijue kwa Facebook kwamba mtoto wake amekuwa majivu. Atafutwe mtu wa kwenda kukaa naye, amshike mkono, amwambie.

9. Na wewe, uliandika?

Ndugu msomaji, wengi wetu tuna paspoti ama tunaitafuta. Kuna wenye wanasoma hii wakiwa Kigali, Kampala, Nairobi, Lyon ao Texas. Chukua karatasi moja leo. Andika: nikifa mbali, munizike ama munichome, munirudishe ama muniache, dini yangu ni hii, mwenye kuamua ni huyu, na hii njo kazi ningependa iendelee. Tia tarehe na sahihi, mpe nduguyo mmoja kopi, mwambie na mama. Hauiti kifo kwa kuandika. Unamwondolea mtu mwenye atakulilia mzigo wa kukisia.

Mazishi ni ya siku mbili tatu, kumbukumbu ni ya miaka. Kama mwaka mmoja baadaye jina la mtu wetu linatajwa kwa shukrani, mjane wake anapigiwa simu bado, na mtoto mmoja yuko darasani kwa ajili yake, basi familia ilimzika vizuri, hata kama kilichofika uwanja wa ndege kilikuwa kisanduku cha kilo tatu.

Kama mulipita katika jambo kama hili, tuambieni familia yenu ilifanya nini na nini iliwasaidia. Kuna mtu leo jioni atapata ule ujumbe wa WhatsApp, naye anahitaji kusoma jibu lenu.